Njia Niliyoisoma Nikiangalia Nyuma

Juzi tulimzika Syombua. Siku chache kabla ya mazishi, pasta wetu, ambaye ni kijana, alikuja nyumbani kuandika historia ya marehemu ili isomwe kaburini. Aliuliza alizaliwa wapi, nikamwambia. Aliuliza watoto, nikamtajia wote kwa mpangilio wao. Halafu akauliza, "Na mume wake aliitwa nani, Mama?"

"Andika Kamene."

Akaandika herufi mbili, kalamu ikasimama. "Kamene si jina la mwanamke?"

"Ndilo. Alikuwa shangazi yangu. Andika tu."

Hakuandika. Alinitazama kama mtu anayeangalia sufuria akisubiri ichemke. Sikumlaumu. Wenzangu wa umri wangu hawangeuliza, lakini yeye amezaliwa juzi. Nikamweleza kwamba zamani kwetu Ukambani, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto, boma likitaka kufa, alikuwa na ruhusa ya kuoa. Anatoa mbuzi kama mwanamume yeyote, anamleta mke nyumbani, na watoto ambao mke huyo anawazaa na mwanamume amtakaye wanakuwa wa nyumba yake na kuitwa kwa jina la nyumba hiyo. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Siku hizi jambo hili watu wa kanisa wanalisema kwa sauti ya chini, kama kwamba ni la aibu. Mimi ni mtu wa kanisa tangu kabla ya pasta huyo kuzaliwa, na sauti yangu sikuishusha.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo. Mbuzi wa mazishi walikuwa wamefungwa nyuma ya jiko, wamelowa, na upepo ukaileta ile harufu yao mpaka mahali tulipoketi. Nyinyi mliochunga mbuzi mnaijua. Si harufu nzuri. Lakini mimi ikinifikia, nakuwa juu ya lori, juu ya magunia ya ndengu, meno yangu ya mbele hayajaota, na ninaangalia barabara ikikimbia kurudi nyumbani bila mimi.

Safari hiyo ilianza kwa kusuguliwa. Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alinikamata alfajiri akanisugua magoti kwa jiwe mpaka yakawa ya mtu mwingine. Akanipaka mafuta. Akanivalisha gauni la maua ya manjano, gauni jipya, na mimi maishani mwangu nilikuwa sijavaa kitu ambacho dada yangu hakukivaa kwanza. Mama yangu alisimama mlangoni akiniangalia, kisha akaingia ndani, na nilipomfuata nikamkuta anafuta macho kwa leso. Alisema tu, "Ukawe na adabu huko." Huko wapi, hakusema. Wakati ule mtoto alikuwa hapewi maelezo. Alikuwa anapewa mzigo wa kubeba na kuambiwa twende.

Nikatoka nje nikaliona lori la Mutua, binamu ya baba, aliyekuwa akisafirisha ndengu na mbaazi kutoka Migwani mpaka Mombasa. Na nyuma ya lori, wamefungwa kwa kamba mpya, mbuzi watatu.

Mtoto yeyote wa Kikamba alijua mbuzi watatu ni nini. Mbuzi watatu wakitoka bomani pamoja, kwa kamba mpya, hawaendi sokoni. Wanaenda kwa mambo ya msichana. Ni mbuzi wa ntheo, wa kuanzisha uchumba, na wakishapokelewa msichana ana mwenyewe. Nikaangalia ndani ya lori. Mbuzi walikuwepo. Msichana aliyepakwa mafuta alikuwa mmoja, na ndiye mimi.

Mutua akanimalizia. "Haya bibi arusi, panda," akasema akininyanyua. "Usinune. Bwana wako ana shamba kubwa. Meno ndiyo amebaki nayo mawili." Watu wakacheka. Susu akacheka pia, na Susu alikuwa hachekagi ovyo.

Sikulia. Kwetu kulia hakukuwa kunabadilisha kitu. Nilifanya shauri langu kimyakimya, na shauri lenyewe lilikuwa kutoroka. Watakapofika huko wanakonipeleka, nitangoja wageuke, nitarudi kwa miguu. Kwa hiyo ninahitaji kuijua njia. Na hapo akili ya kuchunga mbuzi ikanisaidia. Mchungaji anajua kwamba ukienda mbali lazima ugeuke kila mara uangalie ulikotoka, kwa sababu njia ina sura mbili, na ile ya kurudi huioni ukiangalia mbele. Nikakaa juu ya magunia, mgongo kwa dereva, macho nyuma, na nikaapa sitalala.

Susu alikaa mbele na Mutua. Shangazi Kamene alikaa juu na mimi. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyeolewa ng'ambo ya mto wetu mdogo na kuachwa huko peke yake. Shemeji zake walikuwa wamelima kila msimu wakisogea, mpaka mahindi yao yakawa yanagusa ukuta wa jiko lake. Hilo nilikuwa nimelisikia kwa wakubwa bila kulielewa. Yeye aliangalia mbele na mimi nyuma, tukaegemeana mgongo kwa mgongo kama magunia mawili. Nilisikia mgongo wake ukitetemeka, nikafikiri ni lori.

Alama ya kwanza ilikuwa kanisa letu la mabati mekundu, na kipande cha reli kilichoning'inizwa nje kuwa kengele. Likawa dogo, likawa kama kisanduku cha kiberiti, kona ikalimeza. Kitui mjini nilichukua duka lililokuwa na cherehani tatu barazani. Baada ya hapo barabara ikawa ya vumbi, na vumbi letu wenyewe lilikuwa linafunga kila kitu nyuma kama pazia, ikabidi ningoje upepo ulifungue ndipo niibe alama. Mutomo kuna jabali kubwa, limelala kama ng'ombe aliyeshiba. Hilo halikunipa taabu.

Athi tuliufikia jioni, tukaukuta umejaa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi mazima, na mahali pa kuvukia palikuwa hapaonekani. Mutua akazima lori, akasema mto hauna haraka na sisi tusiwe nayo. Tukapika muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, hapo ukingoni, pamoja na wasafiri wengine waliokuwa wanangoja. Nilifurahi sana. Niliomba mto ujae mpaka Krismasi. Nilimwomba Mungu kwa maneno yote niliyokuwa nimefundishwa na mengine ya kutunga, na asubuhi nikaamka nikakuta mchanga unaonekana na Mutua anapiga honi.

Ng'ambo, nikiangalia nyuma, niliiona Yatta yote. Nyinyi mliopita huko mnaijua: mlima usio na kichwa, umekatwa juu sawasawa kama mkate, unaenda upande huu na upande ule bila mwisho. Niliutazama asubuhi nzima. Nikajiambia huu hata kipofu hawezi kuupotea, nikifika hapa nimefika kwetu.

Kibwezi ikaja na mashamba ya mkonge. Mistari ya mkonge ilikuwa inafunguka na kufunga lori likipita, kama kichana kinachopita kwa nywele. Mwanamke mmoja pale sokoni alimuuzia Susu machungwa ya Makueni, na Susu akanipa mawili peke yangu. Hilo nalo likaniogopesha. Mtoto hapewi machungwa mawili bure. Nikayala hata hivyo, na maganda nikayaweka mfukoni mwa gauni, na mpaka leo ganda la chungwa na mbuzi kwangu ni harufu moja. Upande wa jua kutua vilikuwepo vilima vya Chyulu, vya kijani kibichi, wakati sisi wengine tumekauka. Nikamuuliza Shangazi ni nani anaishi pale kwenye majani mengi vile. Akasema hajui, lakini awe nani, mbuzi wake wana raha.

Baada ya kulala Mtito Andei tuliingia nchi ya udongo mwekundu, na nikaona ndovu. Walikuwa wekundu. Nilifikiri kuna mtu amewapaka, jinsi Susu alivyonipaka mimi, na kwamba nao wanapelekwa mahali. Nikawaonea huruma. Lakini mbuzi wetu mmoja alikuwa mweupe kama unga, na tulipofika Voi alikuwa amekuwa mwekundu kama wao, nikaelewa kwamba ni vumbi. Nikajitazama mikono. Hata mimi.

Taru ndipo nilipokaribia kukata tamaa. Mnapajua. Vichaka vya kijivu, vichaka vya kijivu, na tena vichaka vya kijivu. Hakuna kilima, hakuna mwamba, hakuna kitu cha kushika kwa macho. Nilitafuta alama hata moja mpaka macho yakauma. Shangazi akaniuliza, "Unatafuta nini huko nyuma siku zote hizi?" Nikasema hakuna. Akasema kama anayejiambia mwenyewe, "Mimi naogopa mbele, wewe unaogopa nyuma." Wakati huohuo treni ikapita kando yetu ikipiga kelele, na nikaiona reli. Reli inatoka huku inaenda kule, haipotei. Nikashusha pumzi. Taru nitafuata reli.

Minazi ilianza ghafla baada ya Mariakani. Hewa ikawa nzito, inagusa ngozi kama nguo mbichi. Kisha, kwa vile nilikuwa nimekaa kinyume, bahari haikunijia kama inavyowajia watu. Wengine huiona mbele ikikua. Mimi niliona barabara nyuma yetu imepata maji pande zote mbili, maji upande huu na maji upande ule, na sisi katikati kwenye ukanda mwembamba wa ardhi, na hakuna aliyekuwa amenionya. Nikashika kamba ya mbuzi. Nikafikiri: sasa wamefunga njia kwa maji.

Kwenye kivuko cha Likoni tulishuka. Susu hakuwa ameiona bahari maishani mwake. Alifunga shuka vizuri, akatembea mpaka mwisho wa saruji, akachovya kidole, akalamba. Akakaa akiiangalia muda mrefu. "Chumvi yote hii," akasema, "na sisi tunaipima kwa kijiko." Akatema mate, akageuka, na bahari hakuizungumzia tena mpaka siku ya kufa kwake.

Ng'ambo barabara ilifuata pwani, minazi na mihogo na nyumba za makuti, na kati ya miti maji ya samawati yakichungulia kama mtu anayetufuata kwa siri. Halafu tukaiacha bahari tukapanda vilima vya Shimba, na kule juu kukawa kijani, kukawa baridi, na watu walikuwa wanasalimiana kwa Kikamba. Nilidhani nimepatwa na wazimu. Kumbe ni Wakamba waliohamia huko kutafuta mashamba yenye mvua, walikuwa wengi. Mahali tulipokata kona kuingia boma moja palikuwa na minazi miwili iliyoinamiana kama wazee wanaoambiana siri. Hiyo ikawa alama yangu ya mwisho. Nikairudia safari yote moyoni kuanzia hapo mpaka kipande cha reli cha kanisani, na haikukatika popote isipokuwa Taru.

Mvua ikaanza kunyesha tulipozima lori. Watu wa boma wakatoka, mzee mwenye fimbo mbele yao, wakatuamkua. Mbuzi wakateremshwa, na mvua ikamwosha yule mwekundu mbele ya macho ya watu mpaka akawa mweupe, wenyeji wakaangaliana. Mutua akawaambia wasijali, Wakamba wa Migwani mbuzi wao huvaa koti la safari. Wakacheka wote. Harufu ya manyoya yaliyolowa ikajaa kiwanja. Halafu Susu akaniita nishuke.

"Sishuki."

Aliita tena. Nikashika ubao wa lori kwa mikono miwili, na yale yote niliyoyafunga tangu Migwani yakatoka kwa mara moja, mbele ya wageni. "Sitaki kuolewa huku," nikasema. "Nitarudi nyumbani. Njia naijua yote."

Mvua ilisikika juu ya makuti. Kisha Mutua akaegemea gurudumu akacheka mpaka akakohoa, na kiwanja kizima kikamfuata. Susu hakucheka. Alikuja mpaka chini ya lori, akanitazama na uso wake ule wa kupima unga.

"Wewe mtoto. Ulishawahi kuona wapi bibi arusi akijipelekea mbuzi? Mbuzi zinafuata msichana kwao. Hizi zimetoka kwetu. Anayeoa ni shangazi yako."

"Na mimi?"

"Wewe umeletwa kumshika mke wake mkono njiani, asisafiri na watu wazima watupu. Kazi hiyo inataka mtoto wa kike aliye safi. Ndiyo maana ya gauni. Shuka, unatuaibisha."

Nikashuka. Wenzangu, kuna aibu na kuna nafuu, na siku hiyo nilikuwa nimezibeba zote mbili kwa gauni moja la manjano. Jambo la mbuzi kila mtoto alilijua, na mimi nililijua pia. Mbuzi huenda kwa msichana. Lakini hofu ikiingia, unaona mbuzi na unaona msichana, na huulizi tena ni nani anamwendea nani.

Mtu mmoja hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwanamke mtu mzima, mikono ina unga wa mahindi. Alikuwa ameniangalia kwa makini kama mtu aliyesikia habari muhimu. Huyo alikuwa Syombua.

Sisi sote tuliingizwa ndani na mazungumzo yakaenda marefu, ya wazee, ya kuzunguka. Niliketi miguuni pa Shangazi. Nilijua sasa kinachoendelea na nilikuwa nasikiliza. Niliambiwa baadaye kwamba Syombua alikuwa amekataa wanaume wawili, na baba yake alikuwa anaogopa atakataa tena. Mzee akamwita, akamwambia, "Unaziona hizi mbuzi. Tuzifunge, ama zirudi?"

Akaangalia chini. Akaulizwa tena. Nikaona mkono wa Shangazi umeshika kiondo mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Hapo ndipo nilielewa kwamba lile lililokuwa linatetemeka njiani halikuwa lori. Mbuzi hao wakirudi, mahindi ya shemeji zake yangeingia mpaka jikoni, na jina la nyumba yake lingeishia hapo.

Syombua akainua uso. Hakumwangalia baba yake wala Shangazi. Aliniangalia mimi.

"Umesema njia ya kurudi unaijua?"

"Naijua."

"Yote?"

"Taru sina alama," nikasema. "Lakini kuna reli."

Akatabasamu kidogo sana. Halafu akamgeukia Shangazi. "Na nikija kwako nikashindwa kukaa?"

Shangazi alikuwa mtu wa kupima. "Mtoto huyu atakufundisha njia," akasema. "Siku utakayotaka kurudi, rudi. Mbuzi sitazidai."

Susu alikohoa, kwa sababu haisemwi hivyo. Mke akirudi kwao mbuzi nao wanarudi, hiyo ndiyo sheria ya tangu zamani. Mzee mwenye fimbo aliuliza kama amesikia vizuri. Shangazi akarudia maneno yaleyale, polepole, kama anaapa. Nje mbuzi mmoja akalia. Syombua akafuta unga mikononi.

"Zifungeni," akasema.

Tulirudi baada ya siku za karamu, lori limejaa nazi badala ya ndengu. Mkono wa Syombua ulikuwa ndani ya wangu, ulikuwa na harufu ya mafuta ya nazi, na ulikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali. Hakuuliza akae wapi. Alikaa juu ya mzigo, mgongo kwa dereva, akaangalia nyuma, na mimi kando yake. Kazi niliyoletewa ilikuwa kumshika mkono. Kumfundisha njia kulikuwa kumeongezwa na Shangazi.

Nikamwonyesha minazi miwili iliyoinamiana, akarudia. Kivuko, akarudia. Maji pande zote mbili. Na nikagundua kwamba ni kazi ngumu, kwa sababu majina nilikuwa nayo lakini sura zilikuwa ngeni. Kila kitu nilikuwa nimekisoma kutoka upande mmoja na sasa nilikiona kutoka upande wa pili. Kuna kilima pale Voi chenye kichwa cha mawe; nilipokwenda kilikuwa na uso wa mzee, na sasa kilikuwa na kisogo tu. Ilibidi nijifunze upya pamoja naye. Taru nilimwambia afuate reli, akasema hilo amekwisha kulishika. Wakati mwingine alilia kidogo, bila sauti, na akirudia alama hivyohivyo analia: ndovu wekundu, vilima vya kijani, mkonge wa kichana. Shangazi alikaa nyuma yetu akiangalia mbele. Nilijua anasikiliza, maana mgongo wake ulikuwa umekuja kuegemea wetu.

Athi sasa ulikuwa mchanga na mkondo mwembamba. Lori likashuka, likavuka, likapanda ng'ambo. Nikamwambia Syombua, huu ni Athi, ukijaa unangoja, hauna haraka. Hakurudia. Aliuangalia mto mpaka mikuyu ikaufunika. Kisha akainua miguu, akazunguka pale juu ya nazi, akakaa akiangalia mbele.

"Inatosha," akasema. "Sasa nionyeshe kwenu."

Nami nikageuka. Shangazi akasogea akatupa nafasi, tukawa watatu, nyuso mbele, upepo machoni. Barabara ile ya kutoka mtoni kwenda Migwani nilikuwa nimeijua kwa kisogo tu. Siku hiyo niliona jinsi inavyokuja. Yatta ikatujia yote mara moja, ndefu, ya rangi ya majani makavu, na Syombua akauliza ni nani aliyeikata juu. Nikamwambia sijui, lakini ukiuona huo umefika. Mama alikuwa amekaa chini ya mnyaa wa boma alipolisikia lori, akaja mbio bila viatu. Kumbe alilia siku ile kwa sababu nilikuwa sijawahi kulala mbali naye. Hiyo tu.

Syombua alikaa. Watoto walikuja, nyumba ikasimama, na mahindi ya shemeji yakarudi hatua kwa hatua hadi kwenye mpaka wa zamani. Alirudi kwao mara moja peke yake, baba yake alipofariki. Siku alizokuwa hayupo nilikwenda kukaa na Shangazi, nikamkuta kila jioni anachagua ndengu zilizokuwa zimechaguliwa. Hakuuliza lolote. Hakutuma mtu. Siku moja tukainua macho, Syombua anakuja kwa njia ya kanisa, amebeba mche wa mnazi kichwani. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo Shangazi alimwita Musyoka, aliyerudi. Mnazi wenyewe tuliupanda. Haujawahi kuzaa hata moja, unatoa majani tu, na hakuna anayethubutu kuukata.

Mimi mwenyewe nilipoolewa, Syombua alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba. Akaniambia kwa sauti ndogo nikae nikiangalia nyuma. Nikakaa hivyo. Mwaka wa pili wa ndoa nilirudi nyumbani mara moja, nimekasirika, nimebeba mtoto, nikaingia jikoni kwake. Hakuuliza nimekuja kwa nini. Chakula changu kilikuwa kimefunikwa kwa sahani, kingali moto. Nilikaa siku mbili nikarudi kwangu, nikakaa miaka yote hii.

Siku hizi kutoka Kibwezi mpaka Kitui ni lami tupu. Wajukuu wanavuka Athi wameinamia simu, hawajui kama ni mto au ni mtaro. Siwakemei sana. Hawana cha kuogopa. Lakini namshukuru Susu kwa kutonieleza. Angenieleza, ningelala njia yote juu ya zile ndengu, na siku Syombua aliponiuliza nisingekuwa na kitu cha kumpa.

Kaburini pasta alisoma vizuri. Alisoma kwamba marehemu alikuwa mke wa Kamene, kwa sauti kamili, na hakuna paa lililoanguka. Halafu akaniita niseme machache. Mimi si mtu wa hotuba. Nilisimama, nikaona lile shimo. Nikasema lile nililonalo.

"Minazi miwili iliyoinamiana."

Watu wakaangaliana. Najua walifikiri uzee umenifika.

"Kivuko," akasema mtu. Alikuwa Musyoka, mvi kichwa kizima, amesimama upande wa pili wa kaburi.

"Maji pande zote mbili," dada yake akasema.

Kisha wale wengine wakaingia, watoto wote wa nyumba ya Kamene, kama watu wanaokariri kitu walicholazwa nacho kila usiku. Minazi imekwisha. Reli ya Taru. Kilima chenye kisogo. Ndovu wekundu. Vilima vya kijani. Mkonge wa kichana. Sikuwa nimewafundisha mimi. Walipofika Athi walinyamaza wote pamoja, wakaniangalia, na nikajua hapo ndipo walikuwa wanaishia sikuzote.

"Na hapo Athi?" nikauliza.

"Hapo Mama aligeuka," Musyoka akasema.

Tukaanza kumwaga udongo.